Jinsi ya kusoma rangi za resista bila kubabaika

Resista ni kifaa kidogo kinachokinza mkondo wa umeme, na mistari ya rangi mwilini mwake husema kinakinza kiasi gani. Resista ya robo wati, ile inayojaa kwenye vifurushi vya wanaojifunza elektroniki, ina mwili wenye urefu wa milimita 6 hivi na unene wa milimita 2 na ushei. Ungeandikwa "4700" hapo juu, maandishi yangekuwa madogo ya kuumiza macho, na fundi akishaifunga kwenye bodi huku maandishi yakiangalia chini, ndiyo basi tena. Mstari wa rangi hauna shida hiyo. Unauzunguka mwili mzima, kwa hiyo resista igeuzwe vyovyote, bado unaonekana. Ndiyo maana mfumo huu umedumu tangu enzi za redio za valvu hadi leo, na kanuni zake zimo kwenye kiwango cha kimataifa cha IEC 60062, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1952.

Wengi hufundishwa kuisoma resista kama hesabu: tarakimu, tarakimu, zidisha, weka asilimia. Kuanza hivyo si vibaya. Lakini aliyezoea kazi hafanyi hesabu yoyote. Anatupia jicho mstari wa tatu kwanza, anajua yuko kwenye mamia, maelfu au mamilioni, kisha anaitambua jozi ya rangi mbili za mwanzo kama unavyoitambua sura ya jirani. Tutaanza na hesabu, halafu twende huko.

Hatua ya 1: Shika rangi kumi na namba zake

Nyeusi – 0
Kahawia – 1
Nyekundu – 2
Chungwa – 3
Njano – 4
Kijani – 5
Buluu – 6
Zambarau – 7
Kijivu – 8
Nyeupe – 9

Ujanja wa kukariri herufi za mwanzo hautufai, maana kahawia, kijani na kijivu zote zinaanza na K, na N zipo nne. Njia nzuri zaidi ni kuutazama mpangilio wenyewe. Kuanzia 2 hadi 7 ni rangi za upinde wa mvua kwa mfuatano wake: nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu, zambarau. Nyeusi, yaani giza tupu, ni sifuri. Nyeupe, mwanga wote, ni tisa. Zimebaki mbili tu za kujaza mapengo: kahawia inapita kati ya nyeusi na nyekundu, na kijivu inapita kati ya zambarau na nyeupe. Ukishaiona hivyo mara moja, huhitaji wimbo wa kukariri.

Dhahabu na fedha hazimo kwenye orodha kwa sababu si tarakimu. Kazi zake tutaziona sasa hivi.

Hatua ya 2: Jua uanzie upande upi

Hapa ndipo wanaoanza wanapokwama, na mara nyingi bila kujua kwamba wamekwama.

Kwenye resista ya mistari minne kazi ni nyepesi. Tafuta mstari wa dhahabu au wa fedha uliokaa pembeni. Rangi hizo mbili haziwezi kuwa tarakimu, kwa hiyo haziwezi kuwa mwanzo. Ziweke mkono wa kulia, anza kusoma kutoka kushoto.

Kama hakuna dhahabu wala fedha, tazama nafasi. Mistari ya thamani hukaa karibu karibu, na ule wa mwisho huachwa kidogo peke yake, au huchorwa mpana kuliko wenzake. Pia mstari wa kwanza kwa kawaida huwa karibu zaidi na ncha ya mwili. Nasema "kwa kawaida" kwa makusudi: kwenye resista ndogo, nafasi hizo hubanana kiasi kwamba macho hayaamui kitu. Tutairudia shida hii tukifika kwenye mistari mitano.

Hatua ya 3: Soma mistari minne

Mstari wa kwanza ni tarakimu ya kwanza. Wa pili ni tarakimu ya pili. Wa tatu unakuambia uongeze sifuri ngapi. Wa nne ni toleransi, yaani kiasi ambacho thamani halisi inaruhusiwa kuzidi au kupungua.

Chukua njano, zambarau, nyekundu, dhahabu. Njano ni 4, zambarau ni 7, nyekundu ni sifuri mbili: 4700. Hiyo ni omu 4,700 (omu ndicho kipimo cha ukinzani), au kilo-omu 4.7. Dhahabu ni asilimia 5. Asilimia 5 ya 4,700 ni 235, kwa hiyo ukiipima na kupata chochote kati ya omu 4,465 na 4,935, resista ni nzima na kiwanda hakijakudanganya.

Kwenye michoro ya saketi utaikuta resista hiyo hiyo imeandikwa 4K7. Herufi imekaa mahali pa nukta, kwa sababu nukta ni rahisi kufutika kwenye nakala. 2R2 ni omu 2.2, na 1M0 ni mega-omu 1, yaani omu milioni moja.

Mtego mkubwa kwenye mistari minne ni mweusi ukikaa nafasi ya tatu. Kahawia, nyeusi, nyeusi ni ngapi? Wengi hujibu 100, kwa kuwa wanasoma 1, 0, 0. Jibu ni omu 10: tarakimu ni 1 na 0, na nyeusi ya tatu inasema sifuri za kuongeza ni hakuna. Omu 100 ni kahawia, nyeusi, kahawia.

Dhahabu na fedha zikikaa nafasi ya tatu, haziongezi sifuri, zinapunguza. Dhahabu inagawanya kwa 10, fedha inagawanya kwa 100. Nyekundu, nyekundu, dhahabu, dhahabu ni omu 2.2 yenye toleransi ya asilimia 5. Njano, zambarau, fedha, dhahabu ni omu 0.47. Resista za omu chache namna hii utazikuta sana kwenye amplifaya na kwenye saketi za umeme wa kuingilia, mara nyingi zikiwa kazini kupima mkondo.

Rangi za toleransi utakazokutana nazo zaidi ni dhahabu, asilimia 5. Kahawia, asilimia 1. Na nyekundu, asilimia 2. Fedha ni asilimia 10, na kutokuwepo kabisa kwa mstari wa nne ni asilimia 20. Hizo ni za vifaa vya zamani. Kijani (0.5), buluu (0.25) na zambarau (0.1) ni za vyombo vya kupimia na vinginevyo vinavyotaka usahihi.

Hatua ya 4: Acha kuhesabu, anza kutambua

Sasa geuza utaratibu. Tazama mstari wa tatu kabla ya yote:

Nyeusi: makumi ya omu
Kahawia: mamia
Nyekundu: maelfu
Chungwa: makumi ya maelfu
Njano: malaki
Kijani: mamilioni

Ukiona chungwa nafasi ya tatu, tayari unajua uko kati ya kilo-omu 10 na 91, hata kabla hujajua rangi nyingine zinasemaje. Kwa anayetafuta hitilafu, mara nyingi hilo linatosha kumwambia kama resista hiyo inafaa kuwa pale ilipo.

Kinachobaki ni jozi ya mwanzo, na hapa kuna habari njema: jozi si mia moja. Resista hazitengenezwi kwa kila namba. Zinafuata mfululizo maalumu, na ule wa kawaida zaidi, E12, una namba kumi na mbili tu:

10 kahawia-nyeusi
12 kahawia-nyekundu
15 kahawia-kijani
18 kahawia-kijivu
22 nyekundu-nyekundu
27 nyekundu-zambarau
33 chungwa-chungwa
39 chungwa-nyeupe
47 njano-zambarau
56 kijani-buluu
68 buluu-kijivu
82 kijivu-nyekundu

Namba hizi zinaonekana kama zimeokotwa ovyo, lakini kila moja ni kama mara 1.2 ya iliyotangulia. Zilipangwa kwa ajili ya resista za asilimia 10: ya omu 10 inaweza kupanda hadi 11, ya omu 12 inaweza kushuka hadi 10.8, na kwa hiyo hakuna pengo kati yake. Kutengeneza ya omu 11 kwa toleransi hiyo kungekuwa kazi bure. Toleransi ilipobanwa kufikia asilimia 5 ndipo mfululizo wa E24 ulipoingiza namba nyingine kumi na mbili katikati: 11, 13, 16, 20, 24, 30, 36, 43, 51, 62, 75 na 91.

Faida ya orodha hii si kasi peke yake. Inakukagua. Umesoma kahawia-zambarau kwenye resista ya mistari minne? 17 haimo kwenye E12 wala E24. Bila shaka ile kahawia ni nyekundu iliyofifia, na ulichoshika ni 27. Umesoma kitu kinachoanza na zambarau? Kwenye mifululizo yote miwili kuna 75 peke yake inayoanza hivyo. Kinachoanza na nyeupe ni 91 peke yake. Nje ya hapo, ama umeishika kinyume, ama rangi imekudanganya. Mimi naona mtu angekariri jozi hizi kumi na mbili hata kabla ya kuzizoea tarakimu, angesoma haraka kuliko aliyeanza na jedwali.

Jaribu kwa macho: taa ya LED nyekundu inayotumia volti 2 hivi, unataka kuiwasha kwa volti 5 na mkondo wa miliampia 10. Resista inabaki na volti 3, na 3 kugawanya kwa 0.01 ni 300. Kwenye E12 hakuna 30, kwa hiyo unakwenda juu kidogo, 330. Mkono unatafuta nini kwenye kisanduku? Chungwa, chungwa, kahawia. Mkondo utakuwa miliampia 9 na kidogo, na jicho halitaona tofauti.

Hatua ya 5: Mistari mitano, na pale rangi zinapokataa kuamua

Resista za asilimia 1, ambazo nyingi zina mwili wa buluu, hutumia mistari mitano. Tarakimu zinakuwa tatu, mstari wa nne ndio unaohesabu sifuri, wa tano ni toleransi. Ile 4K7 yetu inageuka njano, zambarau, nyeusi, kahawia, kahawia: 470 na sifuri moja, 4,700, asilimia 1. Angalia kwamba mstari wa sifuri umebadilika kutoka nyekundu kuwa kahawia. Anayehama kutoka mistari minne huku macho yake yamezoea "nyekundu ni maelfu" ataingia mkenge hapa, kwa hiyo jizoeze upya: kwenye mitano, kahawia ndiyo maelfu na nyekundu ndiyo makumi ya maelfu.

Ukiisoma hiyo kinyume utapata kahawia, kahawia, nyeusi, zambarau, njano, yaani 110 na sifuri saba: giga-omu 1.1 yenye toleransi ya asilimia 0.02. Kitu kama hicho hakimo kwenye kisanduku chako. Jibu la kijinga ni ishara kwamba umeanzia upande usio wake.

Bahati mbaya si kila mara jibu la kinyume ni la kijinga. Tazama hii: kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia. Ni 100 na sifuri mbili, kilo-omu 10, asilimia 1. Igeuze: kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia. Ni 120 bila sifuri, omu 120, asilimia 1. Zote mbili ni thamani halali, zote zinatengenezwa kwa wingi, na kahawia ipo pande zote mbili. Kama nafasi kati ya mistari haionekani vizuri, hakuna ujuzi wa rangi utakaokuokoa. Chukua multimita, ile mita ya kupimia omu na volti. Ukweli ni kwamba kwa resista za mwili wa buluu mimi napima karibu zote kabla ya kuzifunga, na rangi nazitumia kuchagua tu.

Ukaguzi wa jozi wa hatua ya 4 nao unalegea hapa, maana resista za asilimia 1 zinaweza kufuata mfululizo wa E96, na humo namba kama 174 na 178 zipo kihalali.

Mstari wa sita, ukiuona, unasema jinsi thamani inavyobadilika kwa joto. Kahawia ni sehemu 100 kwa milioni kwa kila digrii moja ya selsiasi. Ya kilo-omu 10 ikipata joto la digrii 50 zaidi, inaweza kuhama kwa omu 50 hivi. Kwa taa na redio za kawaida hilo halina uzito.

Hatua ya 6: Usiyaamini macho kupita kiasi

Kahawia, nyekundu na chungwa ndizo zinazochanganya watu zaidi, hasa juu ya mwili wa buluu. Chini ya taa ya manjano, dhahabu hufanana na njano, na kijivu hufanana na nyeupe. Soma chini ya mwanga mweupe, au mwanga wa mchana usio wa jua kali. Kamera ya simu ikivutwa karibu inasaidia kuona nafasi kati ya mistari, ila rangi zake usizitegemee sana, kwa kuwa simu nyingi hurekebisha rangi zenyewe. Mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani hana haja ya kuhangaika na rangi hata kidogo, apime.

Resista iliyoungua ni habari nyingine. Joto hubadilisha rangi: nyekundu hugeuka kahawia, chungwa hukolea, na mstari wa katikati, palipo na moto zaidi, huharibika wa kwanza. Soma mistari ya pembeni kwanza, kisha tumia orodha ya jozi kukisia uliopotea. Na kabla ya kuibadilisha jiulize kilichoiunguza, la sivyo na mpya itafuata njia hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Thibitisha kwa multimita

Zima umeme na uchomoe waya wa kifaa. Hakikisha kapasita kubwa, yaani vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme, zimeisha chaji. Ile kubwa ya kwenye saketi ya kuingilia umeme wa volti 230 inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuzima. Weka mita kwenye omu, gusisha ncha, soma.

Ukishika resista ya mega-omu 1 kwa vidole vya mikono yote miwili, mwili wako unakuwa resista ya pili iliyo sambamba nayo, na mita itasoma pungufu. Shika upande mmoja tu. Kwa resista ndogo, chini ya omu 10, gusanisha kwanza ncha mbili za mita, uone zenyewe zinasoma ngapi, kisha utoe kiasi hicho.

Kwenye bodi, bila kuing'oa, vifaa vilivyo sambamba na resista hutoa njia nyingine ya mkondo, na mita husoma pungufu kuliko rangi zinavyosema. Hilo halikuambii kwamba resista ni mbovu. Lakini ikisoma zaidi ya rangi zake, na umesubiri namba zitulie baada ya kapasita kujaa, basi imekwisha. Vifaa vya pembeni vinaweza kupunguza ukinzani unaopimwa, haviwezi kuuongeza. Kanuni hii peke yake inaokoa kazi kubwa ya kung'oa. Ukibaki na shaka, yeyusha risasi kwenye mguu mmoja, uinue, upime tena.

Yasiyosemwa na rangi

Rangi hazisemi lolote kuhusu wati. Hizo zinasomwa kwa ukubwa wa mwili: mwili ukiwa mkubwa, ndivyo unavyovumilia joto zaidi. Resista ya omu 100 ikiwekewa volti 12 inatoa joto la wati 1.44. Ile ya robo wati itatoa moshi, hata kama rangi zake ni sahihi kabisa. Ukibadilisha resista, linganisha ukubwa pamoja na rangi. Na kama ile ya awali ilikuwa ya aina inayokatika kama fyuzi, weka ya aina hiyo hiyo, usiweke ya kawaida.

Chenye mstari mmoja mweusi katikati ni resista ya omu 0. Ni kipande cha waya kilichovalishwa mwili, ili mashine ya kupanga vifaa iweze kukishika.

Chenye mwili wa kijani hafifu na mistari ya rangi kinaweza kuwa si resista hata kidogo, bali indakta, yaani koili ya waya. Rangi zake zinasomwa kwa namba zile zile, ila jibu ni la maikrohenri, kipimo cha indakta. Multimita kwenye omu itasoma karibu na sifuri, na asiyejua atasema "resista hii imeshoti" na kuitupa ikiwa nzima.

Zile ndogo za kubandikwa juu ya bodi hazina rangi, lakini nyingi hutumia mantiki ile ile kwa namba: 472 ni 47 na sifuri mbili, 4,700. Mtego wa nyeusi ya tatu umehamia humu pia: 220 ni omu 22, na omu 220 huandikwa 221. Tarakimu nne, kama 1002, ni 100 na sifuri mbili, kilo-omu 10. Ukikuta namba mbili na herufi, mfano 01C, nayo ni kilo-omu 10, lakini hiyo haisomeki kwa kukisia: 01 ni nafasi ya kwanza kwenye orodha ya E96, yaani 100, na C ni kuzidisha kwa 100. Hapo fungua jedwali lake tu.